Mali Bila Daftari: Noti za Kale katika Somo la Historia

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa sana katika mambo ya biashara, lakini katika makala haya nakusudia kuiingiza darasani, na hasa katika somo la Historia. Ndani ya masanduku, mitungi na makabati ya wazee wetu zimo noti ambazo leo hazinunui hata kibiriti. Wako wanaoziita takataka. Wako pia wanaozisaka vijijini ili wakaziuze mjini kwa bei ya ulanguzi. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimepotoka. Noti iliyokwisha muda wake ni hati ya historia, na mwalimu wa shule ya msingi ndiye anayefaa kuliko mtu mwingine yeyote kuisoma hati hiyo pamoja na watoto wa mahali ilipotumika. Hata hivyo, hati hiyo haitakuwa na faida ikiwa itakusanywa bila habari zake. Cha kukusanya kwanza ni habari. Karatasi yenyewe hufuata.

Jambo hili lina haraka yake. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa muda, kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025, wa wananchi kurudisha na kubadilisha noti kadhaa zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Muda huo ulipokwisha, noti hizo zilikoma kuwa fedha halali. Karatasi iliyokuwa akiba ya mtu jana, leo yaweza kuchomwa pamoja na majani makavu au kupewa watoto wachezee duka. Zaidi ya hayo, watu waliokuwa wamekwisha kuwa watu wazima mwaka 1966, Taifa letu lilipoanza kutoa fedha yake, sasa wanakaribia umri wa miaka 80 au wameupita. Hao ndio wawezao kutueleza noti hizo zilipokewaje sokoni na ghalani. Mwalimu anayesubiri apelekewe vitabu vya kutosha ndipo afundishe historia ya mahali pake, ajue kwamba anavyosubiri, maktaba zenyewe zinatoweka moja baada ya moja.

Kwa nini noti?

Mwanachuo aweza kuuliza: kuna zana nyingi za kufundishia Historia, kwa nini tushughulike na noti? Jibu ni kwamba noti ilipita katika kila mkono. Barua ya gavana ilisomwa na maofisa wachache. Mkataba uliwekwa katika jumba la nyaraka. Lakini fedha ilimfikia mkulima aliyelipa kodi, mpagazi aliyebeba mzigo, mama aliyeuza mtama na mtoto aliyetumwa dukani kununua chumvi. Kwa hiyo fedha hutuunganisha na watu ambao vitabu vingi havikuwataja majina. Tumezoea kufundisha historia kwa orodha ya vita na watawala. Mtoto hukariri, hushinda mtihani, kisha husahau, kwa sababu hakuona mahali ambapo historia hiyo iligusa nyumba ya babu yake.

Tuchukue mfano wa kodi. Mwaka 1898 serikali ya Wajerumani iliweka kodi ya kibanda, na kwa nyumba ya kawaida ya kijijini ilikuwa rupia 3. Mtoto akisoma sentensi hiyo kitabuni, ataiona nyepesi. Lakini mwalimu akimuuliza, “Babu huyu alikuwa na mahindi, mbuzi na majembe, rupia ataitoa wapi?” hapo ndipo somo linapoanza. Ili apate rupia ilimpasa auze mazao, au auze nguvu zake katika mashamba ya walowezi, au aingie katika kazi ya kujenga barabara na reli. Kumbe kodi haikuwa njia ya kujaza hazina peke yake. Ilikuwa pia njia ya kumtoa mtu nyumbani kwake akafanye kazi ya mwingine. Mwanafunzi aliyekwisha kuelewa jambo hilo hatashangaa akifundishwa kwamba kodi, pamoja na kulazimishwa kulima pamba kwa ujira duni, ni miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji vilivyoanza katika vilima vya Umatumbi mwaka 1905.

Majina tunayoyatamka kila siku

Mwalimu ambaye hana noti hata moja ya kale asikate tamaa, kwani mkusanyo wa kwanza umo kinywani mwa wanafunzi wake. Waulize majina yote wanayoyajua ya fedha, uyaandike ubaoni. Watataja pesa, hela, fedha, sarafu, noti, senti, shilingi. Na wale waliokaa na wazee wataongeza rupia, thumuni, dala na pauni. Kila jina lina safari yake.

Pesa ni jina lililotoka Bara Hindi, ambako paisa ilikuwa sehemu ndogo ya rupia. Rupia ya India ilitumika katika pwani yetu kabla hata ya ukoloni wa Wajerumani kuimarika, na rupia ya Wajerumani yenyewe, iliyoanza kutolewa mwaka 1890, iligawanywa katika pesa 64. Mwaka 1904 Wajerumani waliacha hesabu ya 64, wakaigawa rupia katika heller 100. Hiyo heller ndiyo hela yetu ya leo. Utawala ulioileta uliondoka zaidi ya miaka 100 iliyopita, lakini jina lake bado liko katika mazungumzo ya kila siku, na watumiaji wengi hawajui kwamba wanatamka neno la Kijerumani. Fedha ni neno la Kiarabu lenye maana ya madini yale meupe, nalo hutukumbusha enzi ya riali ya Maria Theresa, sarafu nzito ya fedha iliyochorwa mwaka 1780, ambayo wafanyabiashara wa pwani waliithamini sana. Thumuni ni sehemu ya nane, kwa Kiarabu, ingawa kwetu iligeuka kuwa jina la senti 50. Dala ilikuwa jina la shilingi 5, na kutokana nalo magari ya abiria ya Dar es Salaam yalipata jina la daladala.

Tazama basi: kwa dakika 20 na kipande cha chaki, bila kununua kitu chochote, Darasa la Tano limekutana na India, Uarabuni, Austria, Ujerumani na Uingereza, likiwa limekaa kijijini kwake. Ramani ya dunia ikitundikwa ukutani wakati huo, itasomwa kwa hamu kubwa kuliko siku nyingine.

Noti za Tabora

Nataka sasa kutoa mfano mmoja kwa kirefu, ili mwanachuo aone jinsi karatasi moja iwezavyo kubeba somo zima. Benki ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilianzishwa mwaka 1905, makao yake yakiwa Berlin. Noti zake za rupia zilichapishwa Ujerumani kwa ufundi mkubwa: noti ya rupia 5 ilikuwa na simba, na ile ya rupia 10 ilionyesha bandari ya Dar es Salaam. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliziba njia ya bahari. Noti na sarafu kutoka Ujerumani hazikuweza kufika tena, hali mahitaji ya fedha yalikuwa yameongezeka, kwa kuwa jeshi lilitaka askari, wapagazi na chakula.

Serikali ikaamua kuchapisha noti za muda humu humu nchini, kwanza Dar es Salaam, kisha Tabora. Zilichapishwa mwaka 1915 na 1916 kwa mitambo iliyopatikana na kwa karatasi za aina mbalimbali, hata zile za kufungia vitu, na zilitiwa sahihi kwa mkono. Tabora vilevile, katika karakana ya reli, yalitengenezwa mwaka 1916 mapeni ya hela 5 na hela 20 kwa shaba, nyingine ikitokana na maganda ya risasi na mizinga. Kutokana na dhahabu ya mgodi wa Sekenke, ulioko Iramba, ilitengenezwa sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Wajerumani waliporudi nyuma kuelekea kusini, walikuwa bado wanatoa fedha. Noti za mwaka 1917, zilizoitwa noti za porini, zilipigwa kwa herufi za mpira, mithili ya mihuri ya watoto ya kuchezea.

Hebu mwanafunzi wa Tabora, Urambo au Nzega aambiwe habari hizi, kisha aulizwe: mama aliyeuza mtama wake kwa noti ile ya karatasi mbaya alipata nini? Mwacheni afikiri. Atagundua kwamba noti ni ahadi. Mwenye noti hana mali mkononi. Ana neno la mtu aliyeahidi kumlipa. Aliyeahidi akikimbia, ahadi hufuatana naye porini. Tembo wa dhahabu alibaki na thamani kwa sababu dhahabu ni mali popote iwapo. Karatasi iliyobaki mkononi mwa mpagazi ilitegemea nguvu ya serikali iliyokuwa ikishindwa. Na tukumbuke kwamba wapagazi hao walihesabika kwa maelfu mengi pande zote mbili za vita, na wengi hawakurudi makwao. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Vita vya wageni vililipiwa kwa jasho na chakula cha watu wetu, na noti za Tabora ni stakabadhi ya deni hilo. Sijui kitabu kiwezacho kulieleza jambo hili kwa uwazi zaidi ya karatasi hiyo yenyewe.

Somo hili linafaa pia katika Hisabati. Tangu vita vilipokwisha, eneo letu limepita katika mabadiliko mengi yanayohesabika. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwaka 1919. Ikaleta florini, na muda mfupi baadaye shilingi, shilingi 2 zikiwa sawa na florini 1. Zanzibar, iliyokuwa na noti zake za rupia tangu mwaka 1908, iliingia katika shilingi tarehe 1 Januari 1936 kwa kiwango cha shilingi 1 na senti 50 kwa rupia 1. Mwanafunzi wa Unguja au Pemba aweza kupewa hesabu: mchumaji wa karafuu aliyekuwa ameweka rupia 24 alipata shilingi ngapi? Jirani zetu wa Uganda, mwezi Mei 1987, waliondoa sifuri mbili katika fedha yao na kutoza asilimia 30 katika ubadilishaji. Aliyekuwa na shilingi 10,000 za zamani alibaki na shilingi 70 mpya. Mtoto akiifanya hesabu hiyo kwa hatua zake, atajifunza asilimia, na atajifunza pia kwamba uamuzi wa siku moja huweza kubadili maisha ya nyumba nyingi.

Picha na lugha

Tukija kwenye noti ambazo wanafunzi wetu waweza kuziona kwa macho, tunakuta somo la aina nyingine. Noti za Bodi ya Sarafu zilizotumika kabla ya uhuru zilikuwa na picha ya mfalme au malkia wa Uingereza, na maandishi yake makuu yalikuwa ya Kiingereza. Lakini thamani iliandikwa pia kwa Kiarabu na Kigujarati. Mwalimu aulize: kwa nini Kigujarati? Wanafunzi wakifikiri juu ya maduka ya miji yao ya zamani watapata jibu wenyewe, kwamba wenye maduka wengi waliisoma lugha hiyo. Aliyetengeneza noti alijua vizuri nani angeihesabu.

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, na noti zake za kwanza zilikuwa za shilingi 5, 10, 20 na 100. Kiswahili kiliingia katika fedha ya Taifa, na picha ya Mwalimu Julius Nyerere ikachukua mahali pa picha za wafalme. Nyuma ya noti ya shilingi 10 yalionekana mashamba ya mkonge, watu wakianika nyuzi. Mwanafunzi wa Tanga akiiona picha hiyo, amuulize babu yake habari za manamba, watu waliotoka mbali kuja kukata mkonge na ambao majina yao yalimezwa na namba. Miaka kumi na kidogo baadaye noti ya shilingi 20 ilionyesha mitambo ya kiwanda cha nguo, na ile ya shilingi 100 ikamwonyesha mwalimu na wanafunzi wake. Noti ya shilingi 20 ya mwaka 1985 ilionyesha kiwanda cha matairi. Ukizipanga noti hizi kwa miaka yake, unaona Taifa likitangaza kila mara lilichokitumaini: kilimo, elimu, viwanda.

Lakini mwalimu asiishie katika kusifu picha. Picha ya noti ni jambo ambalo serikali ilitaka tulione. Si lazima iwe yote yaliyokuwapo. Wanafunzi wapewe kazi ya kulinganisha. Kiwanda kilichochorwa, je, kipo? Watu wa hapa walifanya kazi wapi mwaka ule? Noti ile iliweza kununua nini ilipotoka, na ilinunua nini ilipokuwa inaondolewa? Kulinganisha huko ndiko kunakomfanya mtoto kuwa mwanahistoria mdogo badala ya kuwa kasuku.

Daftari la noti

Sasa nije kwenye njia ninayoipendekeza. Shule isianze kwa kukusanya noti. Ianze kwa kufungua daftari. Kila noti inayoonekana nyumbani kwa mwanafunzi ipewe ukurasa wake, na mwanafunzi ajibu maswali yafuatayo kwa maneno yake:

1. Noti hii ni ya thamani gani, ilitolewa na nani, na imeandikwa kwa lugha zipi?
2. Ina picha gani mbele na nyuma?
3. Nani anayo, na aliipata kwa kazi au biashara gani?
4. Wakati ule iliweza kununua nini katika soko au duka la hapa?
5. Kwa nini haikutumika wala haikubadilishwa?

Swali la tano ndilo lenye uzito. Mzee mmoja atasema aliisahau ndani ya msahafu au Biblia. Mwingine atasema benki ilikuwa mbali na nauli ilizidi thamani ya noti zenyewe. Wa tatu atasema hakusikia tangazo. Mama mjane aweza kusema kwamba ilikuwa ya marehemu mumewe, naye hakutaka kuigusa. Majibu hayo yakikusanywa kutoka nyumba 30, kijiji kina sura ya historia ambayo haijaandikwa mahali popote: habari za barabara, redio, benki, mazao, kifo na kumbukumbu.

Mwalimu aandike katika andalio la somo kwamba kazi hii itachukua vipindi vitatu au vinne. Kipindi cha kwanza ni cha majina ya fedha na mfano wa noti moja. Baada ya hapo wanafunzi wapewe wiki nzima ya kuuliza nyumbani, kwa kuwa mzee hasukumwi. Huzungumza anapokuwa na nafasi. Kipindi kinachofuata ni cha kusomeana yaliyoandikwa na kuyapanga kwa miaka kwenye mstari wa wakati, uliochorwa kwenye karatasi ndefu au hata kwenye mchanga wa uwanjani. Cha mwisho ni cha kualika mzee mmoja au wawili waje kusikiliza kazi ya watoto na kuisahihisha. Sehemu hii isiachwe. Mzee anayesahihisha daftari la shule anajua kwamba shule inamheshimu, na mtoto anaona kwamba elimu haikai katika jengo la shule peke yake. Mpango huu waingia bila shida katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Kwa kweli sehemu ya maadili yapatikana humo humo, kama nitakavyoeleza.

Hoja za wanaopinga

Wako walimu wenye busara wanaosema kwamba kukusanya noti ni mchezo wa matajiri, na kwamba kuuingiza shuleni ni kuwafundisha watoto tamaa. Hoja hii haifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba katika miji mikubwa ya dunia noti adimu huuzwa kwa fedha nyingi, na habari hizo hufika vijijini zikiwa zimekuzwa. Mtoto akisikia kwamba noti ya babu ni utajiri, aweza kuichukua kwa siri akampelekea mlanguzi. Mlanguzi naye hatampa hata robo ya thamani yake. Shule itakuwa imefungua mlango wa wizi na ugomvi wa ukoo.

Kwa sababu hiyo hasa ndiyo nasisitiza daftari badala ya mkusanyo. Mwanafunzi asileteshwe noti shuleni. Aiangalie nyumbani mbele ya mwenyewe, aichore kwa penseli baadhi ya sehemu zake, aandike habari, airudishe palepale. Mwalimu naye asinunue, asibadilishane, wala asipokee noti kama zawadi yake binafsi. Mwalimu anayenunua noti kutoka kwa mzazi wa mwanafunzi wake amejitia katika biashara ambayo upande mmoja unajua na upande wa pili haujui. Hilo si jambo la haki, hata ikiwa bei imekubaliwa kwa mdomo. Iwapo familia yenyewe inataka kuikabidhi shule noti zake, jambo hilo lifanywe mbele ya kamati ya shule, kwa maandishi, na jina la mtoaji libaki katika daftari daima.

Wengine wanasema: noti za wakoloni zina haja gani? Kwa nini mtoto wa nchi huru atazame sura ya Kaisari au ya Mfalme George? Nawajibu kwamba hatuzitazami ili tuziheshimu. Kovu hutazamwa ili tujue jeraha lilikuwa wapi. Mtoto asiyejua kwamba kodi ya rupia 3 iliwatoa watu majumbani mwao hawezi kuelewa kwa nini, mwaka 1966, kuwa na benki yetu wenyewe lilikuwa jambo la kushangiliwa.

Hoja ya tatu ni ya kimaadili, nayo ni yangu kwa walimu wenzangu. Darasani, noti iliyokufa huchekesha. Mtoto akisema kwamba bibi yake alificha noti 40 ndani ya kibuyu na sasa hazina kazi, wenzake wataangua kicheko. Mwalimu asicheke, na asiruhusu kicheko. Akiba ile ilikuwa magunia ya mahindi, siku za palizi na usiku wa kukesha na ngedere. Bibi hakuwa mjinga. Aliamini ahadi, kama sisi sote tunavyoamini kila tunapopokea mshahara. Hapo mwalimu awaongoze wanafunzi kuuliza: tangazo lilipaswa limfikie bibi kwa njia gani? Nani kijijini angeweza kumsomea? Je, sisi wenyewe, tuliojifunza kusoma, tulimsomea? Swali hilo la mwisho ni zito, na linafaa kubaki bila jibu la haraka.

Utunzaji

Kwa noti zile chache ambazo shule imekabidhiwa kwa njia ya halali, utunzaji wake si mgumu. Noti isikunjwe, ilazwe ndani ya karatasi safi katikati ya kitabu kizito. Isioshwe kwa sabuni wala isipigwe pasi, na isiungwe kwa gundi au utepe wa kunata, maana gundi hula karatasi na kuacha doa lisilotoka. Iwekwe mbali na jua, unyevu, panya na mchwa. Inaposhikwa, mikono iwe mikavu na safi. Na kila noti iambatane na namba inayolingana na ukurasa wake katika daftari, kwani noti iliyotengwa na ukurasa wake imerudi kuwa karatasi tu.

Mwanachuo atakayepangiwa shule mpya mwakani aweza kuanza kazi hii katika mwezi wake wa kwanza. Hahitaji idhini ya fedha, kwa kuwa haigharimu kitu zaidi ya daftari moja na kalamu. Anachohitaji ni adabu ya kubisha hodi, subira ya kusikiliza, na uaminifu wa kuandika alichoambiwa pasipo kukiongezea chumvi. Akihama, daftari abaki nalo mwalimu mkuu, na atakayefuata aendelee kutoka ukurasa ule alioishia mwenzake. Katika miaka 10 shule hiyo itakuwa na kitabu ambacho hakuna duka linalokiuza, kilichoandikwa na watoto wake kuhusu watu wake. Wazee wapo leo; daftari linunuliwe wiki hii.